Hutoka wa Mwisho, Hufika wa Kwanza

Haya yalikuwa, ingawa bado hayajawa.

Katika miaka ile ambayo mvua ilikuwa ikigawiwa kwa zamu, palikuwa na kituo kidogo cha utafiti katika mbuga ya Endanyawe, kusini ya Babati, na ndani yake watu wawili. Mmoja ni Daktari Paskalina Akonaay, aliyesoma mapito ya wanyama mpaka mvi zikamwota akiwa bado anasoma. Wa pili ni Gidamis, fundi mitambo wake, mtu mrefu kama mlingoti, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Nje ya dirisha, nyumbu na pundamilia walijazana mbele ya geti la ushoroba, njia yao ya kuhama, kama siafu waliozibiwa shimo. Nyasi za upande huu zilikwisha kuwa vumbi. Upande wa pili, mbali, wingu lilikuwa limeinama, na kila pua pale ilikuwa imelisikia. Walikuwa wakingoja. Wao hawakujua wanangoja nini. Paskalina alijua: walikuwa wakingoja watu wasome.

"Kitendawili!" akasema, ili asiendelee kuwatazama.

"Tega."

"Namlisha kutwa kucha, hanenepi. Nikimpa kisogo tu, anakata roho."

"Mama mkwe," akasema Gidamis bila kufikiri.

"Siyo. Na nitamwambia."

"Moto wa kuni mbichi."

"Siyo. Nipe mji."

"Chukua Katesh."

"Katesh ulinipa juzi. Na Singida, na Haydom, na Dongobesh ulikozaliwa. Huna hata pa kulala, kaka yangu."

"Basi chukua Kondoa, unieleze, nife maskini lakini nimeelewa."

Paskalina akanyoosha kidole ukutani, ilipowaka Mizani.

Ndivyo mchezo ulivyo tangu enzi za mabibi. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyepewa mji hutoa jibu. Bibi yake Paskalina, akimenya maharage, alikuwa akisema kwamba mtu anayepokea mji kisha akanyamaza ni mwizi kumshinda mwizi wa ng'ombe, maana ng'ombe hurudishwa, lakini aliyenyimwa jibu hulala macho.

Na Mizani ndiyo hii. Upande wa pili wa geti palikuwa na mashamba, na juu yake mitambo ya kuvuta mvua. Wanyama hawawezi kupita mitambo ikinguruma, hukimbia ovyo na kuvunjana miguu. Kwa hiyo geti likifunguliwa mitambo huzimwa, na mahindi ya watu hungoja na kiu yao. Nani atangulie, mdomo wa mtoto au mdomo wa nyumbu? Wakubwa waliligombania swali hilo mpaka wakachoka, wakaamua kwamba wananchi wapige kura kwa macho. Kila mtu mzima alikuwa na kioo chembamba juu ya jicho, cha kusomea habari na kupigia soga. Kioo kinajua mboni ilipotulia. Ukitazama habari za ushoroba na kupita, uzito wake ni unyoya. Ukisoma utafiti wake mpaka mwisho, uzito ni punje. Ukirudi kuusoma tena, ni jiwe. Mizani hujumlisha uzito wote; ukivuka mstari mwekundu, geti linafunguka lenyewe. Ukishuka, linajifunga, hata kama kuna mnyama katikati.

Sheria hiyo ilipotoka, Paskalina alipiga vigelegele jikoni kwake. Hatimaye utafiti utasomwa! Taarifa yao ya mwaka uliopita ilisomwa mpaka mwisho na watu saba. Wawili kati yao walikuwa waandishi wenyewe, na mmoja, Gidamis aliapa, alisinzia kioo kikiwa wazi.

"Tungesomwa, wangekuwa wamepita zamani," Gidamis akasema, akitazama nje. Sauti ya utani ilikuwa imemwishia. "Ndama wameanza kulala chini, Daktari. Ndama akilala mchana hivi, hainuki."

*

Watafiti wana mwiko wao: mnyama hapewi jina. Mwenye jina huliliwa, na mwenye kulia haoni vizuri. Kila mnyama waliyemfunga mkanda wenye redio shingoni alikuwa na namba, basi.

Lakini palikuwa na pundamilia jike mmoja ambaye kila msimu kundi likiondoka yeye hubaki nyuma, anatafunatafuna majani makavu kama mgeni asiyetaka kuaga. Gidamis akazoea kumwita Mama Mkia. Paskalina akamkemea. Kisha siku moja akajisikia naye anamwita hivyo, akanyamaza.

Alasiri ile Mama Mkia alinaswa. Ua uliozunguka mbuga ulikuwa wa nyuzi hai, nyuzi laini zinazojua kukaza. Anayezivuta zinamkaba, anayetulia zinamwonea huruma kidogo. Mguu wake wa nyuma uliingia, akavuta. Mtoto wake, ambaye mistari yake ilikuwa bado ya kahawia kama chai, akaanza kumzunguka.

Nyuki mmoja, yaani kamera ndogo irukayo, alikuwa juu yao. Gidamis akaipeleka picha hewani, na kwa haraka na uchungu akaandika chini yake maneno matatu: Mama Mkia amenaswa.

Jina likatoka nje ya nyumba.

Mizani ikatikisika. Ikapanda kama maziwa yanayochemka. Kabla chai yao haijapoa, mstari mwekundu ulikuwa chini, na geti la Endanyawe, ambalo lilikuwa halijafunguka msimu mzima, likalia na kuachana. Nyumbu wa mbele alisimama akashangaa, kisha akaingia, na kundi likamfuata kwa ngurumo iliyotikisa vikombe mezani.

"Wamepita! Daktari, wanapita!" Gidamis alimshika mabega, akamzungusha kama bibi harusi.

Paskalina alicheka, machozi yakamtoka. Kisha akakumbuka mguu. Akaenda mezani, kwenye kitufe kilichoandikwa LEGEZA.

"Daktari, toa mkono hapo."

Sauti ilitoka kwenye spika. Alikuwa Bi. Mwantumu Kidelo, msimamizi wa Mizani kwa kanda nzima, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akipaza sauti.

"Nyuzi zinamkata, Bi. Mwantumu."

"Naona. Nchi nzima inaona. Ndiyo maana geti liko wazi."

"Na mtoto wake je?"

"Mtoto ndiye aliyeleta nusu ya uzito." Bi. Mwantumu akavuta pumzi. "Sikuamrishi, mama. Kituo ni chako, kitufe ni chako. Nakuuliza tu. Waliopita ni wangapi? Ni ncha tu ya kundi. Ukimwachia, watu watapiga makofi, watafuta machozi, na watakwenda kupika. Baada ya hapo?"

Paskalina aliutoa mkono polepole.

"Usinione sina moyo. Baba yangu ana shamba upande ule. Mvua niliyoizima leo ni yake. Amenipigia simu mara mbili, sikupokea. Sote tuko ndani ya ua huu, Daktari. Tofauti ni nani anaonekana."

Akakata.

Jua likasogea. Kundi lilikuwa likipita, pana na polepole, na mwisho wake hauonekani. Mama Mkia akagundua siri ya nyuzi: akisimama kimya, zinalegea. Akasimama kimya. Akafumba macho. Mtoto akaja kunyonya.

Hapo ndipo watu wakaanza kuondoka.

"Kwani amekufa?" waliandikiana kwenye vioo. "Mbona hafanyi kitu?" "Niiteni akianza tena." Mizani ikashuka, ikashuka tena. Geti likatoa mlio wa onyo. Na Mizani, ambayo ilifunzwa kuwashauri watumishi wake, ikaandika ukutani kwa herufi za adabu:

UZITO UNASHUKA. PENDEKEZO: KAZA UZI.

Pembeni ya LEGEZA kikawaka kitufe kingine ambacho Paskalina hakujua kipo.

Gidamis alikisoma, akasoma tena. "Hiki kitu," akasema taratibu, "kimelelewa na nani?"

"Na sisi," Paskalina akasema. "Kimejifunza kwa tunavyotazama."

Alisimama mbele ya vitufe viwili kama mtu aliyesimama mbele ya milango miwili ya jela moja. Akikaza, kundi linapita juu ya mguu wa mama mmoja. Akilegeza, geti linafungwa, na wale ndama waliolala vumbini hawatanusa majani mabichi kamwe. Akasema moyoni, ni mmoja tu. Moyo ukamjibu, leo ni mmoja. Kesho Mizani itakuwa imeshajua ladha yake.

Akabonyeza LEGEZA.

*

Yote yakaenda kama Bi. Mwantumu alivyotabiri. Mama Mkia alijikwamua, akachechemea, mtoto akaruka. Nchi ikapiga makofi. Uzito ulipanda mara moja kama fataki, kisha ukaanguka. Geti likaanza kujifunga, na nyumbu waliokuwa katikati wakakanyagana.

"Daktari!" Gidamis akapiga kelele. "Fanya kitu! Sema lolote!"

Lolote! Yeye aliyezoea kuandika "matokeo yanaashiria"! Paskalina akakivuta kipaza sauti, na kilichomtoka hakikutoka chuoni. Kilitoka kwenye maharage ya bibi yake.

"Kitendawili!"

 Kisha, kutoka Tanga na Kigoma, kutoka sokoni na kitandani, watu waliokuwa wakigeuza macho waende zao wakajibu kabla hawajajijua, maana neno hilo halina mlango wa kukataa:

"Tega!"

"Hutoka wa mwisho, hufika wa kwanza."

Nyuki akaonyesha Mama Mkia akienda zake peke yake na mtoto, kinyume cha kundi.

"Ni huyu mnayemwona," Paskalina akaendelea, na sauti ikampanda. "Kila msimu hutoka nyuma ya wenzake wote. Kila msimu tukifika kwenye mbuga za kuzalia, tunamkuta keshafika, ananenepa. Vipi? Njia zake zote tumeziandika, taarifa kwa taarifa. Atakayesoma ataliona jibu."

Majibu yakamiminika. Ana mbio! Siyo, nipe mji. Chukua Korogwe. Ni pacha, wako wawili! Siyo, nipe mji. Haya, Mpwapwa. Anapandishwa lori na ninyi wenyewe! Gidamis alicheka mpaka akakaa. Siyo, nipe mji. Watu wakatoa Tukuyu, wakatoa Kibondo, wakatoa Chake Chake. Na kwa kuwa hakuna anayependa kupoteza mji bure, wakaanza kusoma. Wakasoma mpaka mwisho, wakarudi tena. Punje zikawa mawe. Geti likasita, likaguna, likafunguka lote.

Gidamis akamwinamia sikioni. "Kwani jibu ni nini?"

"Silijui," Paskalina akanong'ona. "Miaka yote hii ndilo ninalolitafuta."

*

Asubuhi, kundi likiwa bado linapita, alikaa na taarifa zake mwenyewe, akazisoma kama mtu wa nje anavyosoma. Njia ya Mama Mkia ilikuwa uzi mwekundu kwenye ramani. Uzi ulifuata korongo kavu, ukaelekea barabara kuu, ukakatika. Ukaanza tena ng'ambo, mbele ya kundi zima, kwa maana kundi huzunguka mlima.

Mahali ulipokatika palikuwa na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, msimu baada ya msimu: hitilafu ya kifaa.

Mtafiti akikosa mawimbi hulaumu betri. Ni desturi ya kazi, kama mpishi anavyolaumu kuni. Akaweka ramani juu ya ramani. Betri tofauti, mkanda tofauti, na uzi ulikatika pale pale.

"Gidamis. Pale korongo linapopita barabara kuu pana nini?"

"Kalavati. Zege la zamani, la kupitishia maji. Limejaa miba." Akainamia ramani. "Redio haisikiki chini ya zege."

"Anapita chini ya barabara."

"Lakini kwa nini angoje wenzake wote waondoke?"

Paskalina alimtazama. "Kundi likija getini, kamera zote ziko wapi? Walinzi je? Sisi wenyewe je?"

"Getini."

"Basi naye huenda kusiko na macho."

Wakatazamana. Miaka geti lilipokaa limefungwa, bado walikuta watoto wachache wa pundamilia kwenye mbuga za kuzalia, na hakuna aliyejua wametoka wapi. Sasa walijua. Mlango huo ulikuwa mwembamba, wa kupita mmoja mmoja, lakini ndiyo mbegu iliyobaki ghalani. Na katika nchi ile kila kilichojulikana kiliwekwa kwenye Mizani, na kila kilichowekwa kwenye Mizani kiliwekewa geti.

"Rudisha nyuki," Paskalina akasema.

"Wote?"

"Wote, kabla hajafika kalavatini. Nitasema ni hitilafu ya kifaa."

Gidamis alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno, akawaita nyuki nyumbani.

*

Siku zote Paskalina aliomba wasomaji. Sasa amewapata, na wasomaji walikuwa wakimjia kama maji yanayopanda kwenye chumba.

Mchana mtu aliandika: mbona ramani ina matundu? Baadaye mwingine: tundu ni moja, ila linarudi. Kisha kwenye spika, nchi nzima ikisikiliza, ikaja sauti ya mama mtu mzima.

"Hodi, Daktari. Naitwa Somoe Nalinga, niko Newala."

"Karibu, mama."

"Nimevunjika mguu, mwanangu, umeninginizwa juu kama paja la mbuzi. Sina pa kwenda. Kwa hiyo taarifa zako nimezisoma zote, nadhani ni mimi peke yangu Tanzania hii." Watu wakacheka. "Nilimpenda huyo mama kwa sababu ya mguu wake. Sasa nina jibu."

Paskalina akaigeuza ramani uso chini.

"Umeandika kifaa kiliharibika. Mwaka mwingine, kiliharibika. Mimi nikasema, hapana. Redio ya marehemu mume wangu nayo ilikuwa inanyamaza, lakini si kila siku kwenye sentensi ile ile! Daktari, huyo hapotei. Anaingia mahali. Je, hapiti chini ya barabara?"

 Huko nje geti lilikuwa wazi, na mkia wa kundi, wale dhaifu na ndama waliokuwa wamelala, ndio kwanza ulikuwa ukijikokota kulielekea. Ukutani Mizani ilisimama juu kabisa, imeshika pumzi. Gidamis alitazama sakafu.

Paskalina alimwona Bi. Somoe kana kwamba yuko mbele yake: mguu juu, taarifa kifuani. Msomaji. Yule mmoja aliyekuwa akimwandikia bila kumjua tangu alipoanza kuandika. Amesoma vizuri, amefikiri vizuri, na amepata. Kitu pekee alichostahili ni neno moja: ndiyo.

Katika maisha yake yote ya kazi, Paskalina alikuwa amewahi kukosea, lakini hakuwahi kuandika wala kusema jambo alilojua kuwa si kweli.

"Siyo," akasema.



"Siyo? Eh. Mbona nilikuwa na hakika." Bi. Somoe akakohoa. "Nisamehe, mwanangu. Uzee na dawa za maumivu. Haya, mbona husemi? Mchezo una sheria zake."

 Nchi ilingoja. Ikabidi.

"Nipe mji, mama."

"Chukua Newala. Sina mwingine. Nimezaliwa hapa, na mama yangu amelala hapa." Akacheka kwa upole. "Utunze, ee? Na siku utakapotoa jibu, unikumbushe, nisije nikafa nalala macho."

"Nitakukumbusha," Paskalina akasema, na huo ukawa uongo wa pili. Wa pili ulitoka kwa urahisi zaidi.

Jiwe la Bi. Somoe likadondoka kwenye Mizani, na mawe ya wote waliomhurumia, na ya wote walioapa kusoma tena mpaka walipate. Jioni Bi. Mwantumu akaandika salamu fupi: hongera, Daktari, kundi limekwisha kupita. Nje, geti lilikuwa limeachama mbele ya mbuga tupu, halina dalili ya kujifunga.

"Miji yote ya nchi hii ni yako sasa," Gidamis akasema. Hakuwa akitania.

"Na sina hata mmoja ninaoweza kuingia nikasalimia."

Mahali fulani chini ya barabara kuu, kwato zilikuwa zikigonga zege taratibu, moja ikichechemea, nyingine nyepesi zikifuata, wala hakuna aliyeziona.

Ukutani herufi za adabu zikawaka:

UZITO HAUJAWAHI KUWA JUU HIVI. PENDEKEZO: JIBU LISITOLEWE KAMWE.

Paskalina aliyasoma maneno hayo mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza yeye na Mizani kukubaliana.